Benchi la Bwana Usihangaike

Bwana Usihangaike hakupewa jina hilo na mama yake. Wakalimani ndio waliompa, na hawakumwonea, maana hakuna aliyewahi kumwendea na swali akatoka na jibu jingine. Malipo yamechelewa? Usihangaike. Mkutano umeahirishwa na watu wameshatumia nauli? Usihangaike. Na lile lililokuja kumtokea puani mwenyewe: kodi je? Usihangaike, dada yangu, mimi nimeshakukatia.

Alikuwa wakala. Shirika likitaka kufanya mkutano wa watu wasioelewana lugha, lilimwendea yeye, naye akatafuta wakalimani, akaweka vibanda vya vioo vya kutafsiria na vipokea sauti, akapeleka hesabu, akalipwa, kisha akawalipa wakalimani kilichobaki baada ya yeye kushiba. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Kwenye ukumbi wa ofisi hiyo palikuwa na benchi la mbao, mguu mmoja mfupi, lenye kibanzi upande wa kushoto kilichokwisha kuchana sketi zisizo na idadi. Kila mkalimani wa mji ule alilijua benchi hilo kama anavyojua kitanda chake. Hapo ndipo walipokaa kusubiri haki yao.

Katika waliolikalia sana alikuwapo mwanamke mmoja wa miaka thelathini na minane, mkalimani wa lugha tatu. Ya tatu katika hizo hakuna mwingine mjini aliyeimudu sawasawa. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Leo anaitwa huku, kesho kule, wiki inayofuata haitwi kokote na anabaki nyumbani kufua mapazia. Aliishi na baba yake, karani mstaafu wa masjala, mzee aliyetunza mafaili ya watu miaka thelathini na moja bila kupoteza hata moja, na ambaye mpaka leo asingekubali kwamba mvua imenyesha kama hakuna aliyeiandika.

Kazi ya mkalimani ina kanuni mbili ambazo ni lazima uzijue, la sivyo utakayoyasikia mbele utadhani ni uchawi. Ya kwanza, mkalimani hasemi "mheshimiwa anasema kwamba ana njaa." Husema "nina njaa," hata kama ametoka kula sasa hivi. Mzee alipenda kumtania bintiye kwamba kwa siku moja amekuwa mfuga nyuki, mkurugenzi wa benki na mama mwenye mimba ya miezi saba, na jioni amerudi bila asali, bila hela na bila mtoto. Ya pili ni nzito zaidi. Kabla ya kikao kuanza, mkalimani husimama na kuzitangazia pande zote kwamba kila kitakachotamkwa chumbani atakitafsiri, hata kikinong'onwa, na kwamba mtu asiyetaka neno lake lifike upande wa pili asiliseme. Mwanamke huyu alikuwa akilisema tangazo hilo katika kila kikao kwa miaka kumi na miwili.

Sasa tuje kwenye kodi, maana ndiko ugomvi ulikotoka. Kwenye kila malipo Bwana Usihangaike alikata kipande, akaandika kwa mkono wake kwenye kikaratasi: kodi ya zuio. Mkalimani alikiona, akaridhika. Aliamini kwamba aliyekwisha kunyolewa hanyolewi tena siku hiyohiyo. Hakujua kwamba kinyozi alikuwa akiuza nywele.

Barua ilikuja kwenye sanduku la posta la baba yake, kwa kuwa ndiyo anwani aliyoitumia siku alipojiandikisha kuwa mlipakodi. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilikuwa limebaki kuona mwanga tu. Alikaa dirishani na kioo cha kukuzia, akaisoma barua herufi kwa herufi asubuhi nzima. Ilisema kwamba binti yake hajalipa kodi kwa miaka mitatu, wala hajawahi kuwasilisha makadirio, na kwamba faini na riba zinaendelea kupanda. Bintiye aliporudi alimkuta bado amekaa palepale, barua gotini.

"Ulilipwa au hukulipwa?" mzee aliuliza.

"Nililipwa, baba. Na kodi walinikata."

"Karatasi iko wapi?"

Akamletea vile vikaratasi vya Bwana Usihangaike. Mzee alivipapasa kimoja kimoja. Havikuwa na muhuri, wala namba, wala sahihi. Alivipanga vizuri, akamrudishia. Yule ambaye amelelewa na karani wa masjala anajua kwamba hakuna kofi linalouma kama hilo.

Baada ya siku nne binti alikuta risiti ya mamlaka ya kodi chini ya bakuli la sukari. Mzee alikuwa amelipa deni lote, faini na riba, kwa akiba yake ya posta. Akiba hiyo ilikuwa na kazi yake: ilikuwa ya kufanyiwa upasuaji wa jicho, na kadi ya hospitali yenye tarehe iliyopangwa ilikuwa imebandikwa ukutani tangu mwaka uliopita. Alipomuuliza kwa nini, mzee alijibu kwamba jina la mwisho kwenye barua ile ni lake. Kisha akamwomba amsomee gazeti, kwa sababu yeye hawezi tena.

Mwanamke alisoma gazeti lile mpaka kurasa za matangazo ya vifo, na kila alipogeuza ukurasa alikuwa anamchukia mtu mmoja zaidi ya ukurasa uliotangulia.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kodi. Alipokewa na afisa mmoja, mama wa makamo mwenye sweta na peremende isiyoisha mdomoni, aliyebonyeza kompyuta yake kwa kidole kimoja na kumweleza kwamba chini ya namba yake haijaingia hata senti moja kutoka kwa wakala yeyote, tangu mwanzo wa dunia. Mkalimani alijitetea kwamba alikatwa. Aliapa. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "sisi hapa hatusomi mioyo ya watu. Tunasoma karatasi."

Halafu akamfundisha, bila haraka, mambo ambayo angepaswa kufundishwa siku alipoanza kujitegemea. Mtu asiye na mwajiri hana wa kumlipia kodi mwisho wa mwezi, kwa hiyo anajikadiria mwenyewe: mwaka ukianza anaandika anachotarajia kupata, inapigwa hesabu ya kodi, inagawanywa kwa nne, naye analipa awamu moja moja kwa tarehe zake. Kama kuna aliyemkata kodi ya zuio, anampa cheti, na kile kilichokatwa kinatolewa kwenye awamu zake. Bila cheti, kilichokatwa ni upepo. Mkalimani aliuliza atajuaje atapata kiasi gani, na yeye hata wiki ijayo haijui. Afisa akamwambia kwamba hata mkulima haijui mvua, lakini mbegu anapima. Akiona amekosea, arudi arekebishe kabla mwaka haujafungwa.

Kuhusu Bwana Usihangaike, afisa alisema ukweli mchungu. Malalamiko anaweza kuandika, lakini wakala atasema alimlipa kamili na kwamba vikaratasi vile kaviandika mwenyewe jikoni kwake. Kinahitajika kitu kizito kuliko neno la mtu mmoja.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja ghorofani juu ya duka la vigae, akakaa kwenye benchi saa mbili nzima, kibanzi kikimchoma pajani. Alipoitwa ndani aliomba vyeti vyake vya miaka mitatu, kwa adabu. Bwana Usihangaike alikuwa anajaribu miwani mpya ya jua mbele ya kioo. Mhasibu yuko likizo, akamwambia, usihangaike.

Ni hapo alipoamua. Hakupiga kelele, hakumwaga chozi, hakumtajia baba yake wala macho ya baba yake. Alimshukuru, akamtakia mchana mwema na kushuka ngazi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alikuwa tayari kwenda pole mpaka kwato za mawindo zichakae.

Mwaka ule aliuishi kwa tarehe nne. Alijikadiria kwa haki, hakujipunja wala hakuipunja serikali, maana alitaka siku ya siku itakapofika pasiwe na mtu wa kumnyoshea kidole. Alichukua mkebe wa majani ya chai, akautoboa kifuniko, na kila alipolipwa fungu la kodi liliingia humo kabla hata hajanunua mkate. Zile tarehe aliziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, kando ya kadi ya hospitali ambayo tarehe yake ilikuwa imekwisha pita. Walikula vyakula vya bei ndogo. Viatu vyake vya kazini vilishonwa soli mara mbili. Na kwa kuwa fungu la kodi lilikuwa halishikiki, la jicho lilikuwa halitoshi, na mzee aliendelea kupapasa kuta akienda chooni.

Kila alipomaliza kulipa awamu, risiti ikiwa ya moto mkobani, alipita kwa Bwana Usihangaike. Alikaa kwenye benchi. Aliomba vyeti. Aliambiwa asihangaike. Mara nne, mwaka mzima. Wenzake walimshangaa kwamba bado anazikubali kazi za mtu yule, na kwamba anamchekea kama mtu anavyomchekea mama mkwe. Hawakujua anachokiomba moyoni. Alimwombea maumivu ya jino akiwa safarini. Alimwombea binti atakayeolewa na mtu kama yeye. Alimwombea uzee mrefu wenye macho mabovu na asiwepo wa kumsomea gazeti. Ukiniuliza kama ni vizuri mtu mzima kuomba hivyo, nitakuambia kwanza lipa kodi mara mbili kwa mshahara mmoja, ndipo uje tuzungumze wema.

Awamu ya kwanza ya mwaka uliofuata ilikuwa imelipwa wiki moja tu simu ilipoita. Alikuwa Bwana Usihangaike, na sauti yake ilikuwa na asali. Shirika la wageni lililokuwa likimpa kazi kubwa kuliko zote, miaka yote ile, lilikuwa limeleta wakaguzi wawili kuangalia matumizi. Walizungumza ile lugha ya tatu, hawakujua nyingine yoyote ya pale, na mkalimani aliyeijua alikuwa mmoja.

"Wewe ni mtu wangu," alimwambia. "Nikimweka mwingine pale sina imani."

Hapa niseme lisilompendeza. Ipo kanuni nyingine katika kazi ile: mkalimani mwenye kinyongo na mmoja wa wanaozungumza anapaswa kujitoa, na kusema kwa nini. Aliijua vizuri, alikuwa amewafundisha wengine. Alitazama tarehe za mkaa ukutani, kisha akasema atafika saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoivunja, na hajawahi kuitubia.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ileile, meza ya kioo, feni ya dari, sahani ya biskuti ambazo kwa kawaida wakalimani hawakuzionja. Upande mmoja walikaa wakaguzi: mwanamke mrefu aliyechomeka penseli sikioni, na mwanamume mnene ambaye hakuigusa chai yake. Upande wa pili Bwana Usihangaike, suti ya kijivu, na mhasibu wake, mtu mwembamba aliyekuwa amerudi likizo hatimaye. Mkalimani alikaa katikati, kwenye kona ya meza, na daftari lake.

Alisimama akatoa tangazo lake katika lugha zote mbili, polepole kuliko siku zote. Kila kitakachotamkwa humu ndani nitakitafsiri, hata kikinong'onwa. Usilotaka lifike upande wa pili, usiliseme. Wakaguzi waliitikia kwa kichwa. Bwana Usihangaike alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta pa kuchomeka chaji ya simu. Maneno yale alikuwa ameyasikia mara mia tatu, na yalikuwa yamekwisha kuwa kwake sawa na mlio wa feni. Mtu aliyekodisha wakalimani nusu ya maisha yake alikuwa amesahau kwamba wana masikio.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa ya vibanda, nauli na vyumba vya hoteli. Kisha mwanamke mwenye penseli akafungua faili jipya. Mkataba unasema, alieleza, kwamba katika malipo ya kila mkalimani inakatwa kodi na kupelekwa serikalini. Shirika limetozwa fedha hizo miaka yote. Angependa kuona risiti za kuzipeleka. Mkalimani alilitafsiri neno kwa neno. Kalamu yake ilikuwa imetulia kabisa.

Mhasibu alitazama viatu vyake. Bwana Usihangaike akacheka kidogo, akasema tatizo ni mtandao wa mamlaka, unasumbua sana, risiti hazitoki. Hilo nalo likatafsiriwa, na kicheko chake kikaachwa kilipokuwa. Mkaguzi akauliza kama mtandao ulisumbua miaka yote hiyo mfululizo, nalo likarudi upande wa pili likiwa kavu vilevile.

Hapo Bwana Usihangaike akafanya lile alilolifanya. Aliegemea kiti, akaendelea kuwatabasamia wageni kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, na bila kuwageuzia uso mkalimani na mhasibu akasema kwa sauti ya chini, "Hawa wasijue kwamba hatukupeleka hata senti. Ile hela iko kwenye gari. Dada, hilo usilitafsiri, waambie risiti ziko kwa mwanasheria."

Zilipita pumzi mbili. Kwenye pumzi ya kwanza yalimjaa mdomoni yote: jicho la baba, kadi ukutani, soli za viatu, risiti chini ya bakuli la sukari. Angeweza kuyasema, wageni wasingejua yapi ni ya nani. Kwenye pumzi ya pili aliyameza. Hakutaka mtu aje kusema kwamba mwanamke aliongeza chumvi. Akawageukia wakaguzi, na kwa sauti ileile aliyoitafsiria bei za vyumba vya hoteli, akasema katika lugha yao:

"Hawa wasijue kwamba hatukupeleka hata senti. Ile hela iko kwenye gari. Dada, hilo usilitafsiri, waambie risiti ziko kwa mwanasheria."

Penseli ilishuka kutoka sikioni. Yule mnene akasogeza kikombe chake pembeni apate nafasi ya kuandikia. Na Bwana Usihangaike, ambaye hakujua lugha ile hata salamu yake, alikuwa bado anatabasamu na kutikisa kichwa, akiwaunga mkono kwa yote waliyoambiwa. Alitabasamu muda mrefu. Mkalimani alimtazama akitabasamu, na utamu uliompata aliusikia mpaka kwenye vidole vya miguu. Mwaka mzima wa maombi ulikuwa haujampa kitu kama kile.

Kisha mkaguzi akauliza swali fupi, na mkalimani akaligeuzia upande wa pili:

"Gari gani?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kwa muda kama mgeni asiyejua kwamba mwenyeji amekwenda kulala. Halafu akamgeukia mkalimani. "Umewaambia nini?" Naye akawaambia wakaguzi: umewaambia nini? Bwana Usihangaike akamwamrisha anyamaze, nayo amri ikatafsiriwa. Mhasibu, ambaye alikuwa na watoto watano na akili zake timamu, akaona bora ajiokoe mwenyewe. Alieleza kwamba yeye alimkumbusha bosi kila mwezi, na kwamba daftari la makato lipo, amelitunza nyumbani, chini ya godoro. Kila neno lilivuka meza bila kupungua. Mdomo ulikiponza kichwa, na mkalimani hakufanya zaidi ya kuubeba mdomo ule mpaka ulipotakiwa.

Walipotoka chumbani, Bwana Usihangaike alimfuata mpaka kwenye benchi. Alikuwa amelegeza tai. "Dada, umeniua," akasema.

"Nimekutafsiri," mkalimani akamjibu, akashuka ngazi.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa serikali, yaani polepole na bila kurudi nyuma. Taarifa ya wakaguzi ilifika mamlaka ya kodi pamoja na daftari la chini ya godoro, ambalo lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Wakalimani waliitwa mmoja mmoja kutoa maelezo. Wengine walimlaani yule mwenzao. Bila Bwana Usihangaike hapakuwa na kazi, na mmoja alimwambia usoni kwamba amewamwagisha unga wote kwa hasira zake. Vikaratasi vya binti wa karani visivyo na muhuri sasa vilikuwa na ndugu zao daftarini, tarehe kwa tarehe, na afisa mwenye peremende alivilinganisha kwa kidole chake kimoja mpaka cha mwisho. Kilichokatwa kilihesabiwa kuwa kimelipwa. Alichokilipa mzee kikabaki kuwa cha ziada. Fedha ikishaingia serikalini hairudi mkononi kirahisi, inarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo kile cha ziada kilifidia awamu zote tatu zilizosalia za mwaka. Mkalimani akauvunja mkebe wa chai siku hiyohiyo, akampeleka baba yake hospitali.

Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichomwekea mkononi hakikuwa kioo wala picha ya marehemu mama. Vilikuwa vyeti vitatu vya kodi ya zuio, kimoja kwa kila mwaka, vyenye namba, sahihi na muhuri. Mzee alivisoma pale kitandani, jicho likitoka machozi ya dawa na pengine na ya kwake. Alisoma mpaka maandishi madogo yaliyozunguka muhuri.

"Nilikulipia," akasema, "lakini sikukuamini. Nisamehe, mama."

Binti alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama upasuaji umeharibika. Alidhani na ile hasira itatoka pamoja na machozi. Haikutoka hata kidogo.

Miezi miwili baadaye mzee alikuwa anasoma gazeti mwenyewe, kama kawaida yake akianza na matangazo. Aliita jikoni. Mamlaka ya kodi ilikuwa inatangaza mnada wa mali zilizokamatwa kwa mdaiwa sugu: gari moja, kompyuta sita, meza ya kioo, feni, vibanda viwili vya vioo na samani mbalimbali. Bintiye alikuja akifuta mikono, akasikiliza, akamwomba arudie kuanzia kwenye gari.

Siku ya mnada alivaa vizuri. Gari lilikwenda kwa mfanyabiashara wa vipuri, meza ya kioo kwa mwenye saluni. Zilipofika samani mbalimbali watu walikuwa wameanza kuondoka, na dalali alipolitaja benchi la mbao la mguu mfupi wakacheka. Alilipata kwa bei ya kilo mbili za sukari. Bwana Usihangaike alikuwa amesimama getini, bila suti, amekuja kuona vitu vyake vikienda. Alimwona akihangaika na mwenye mkokoteni kulipakia.

"Hata benchi, dada?" akamuuliza.

Alimwambia kwamba amelikalia miaka mingi na amelizoea, kisha akamwelekeza mwenye mkokoteni njia ya kupita. Walipita karibu naye kiasi kwamba ilimbidi arudi nyuma hatua moja.

Sasa liko barazani, limewekewa kigingi chini ya mguu mfupi. Kibanzi hakikupigwa randa. Mwaka ulipoanza, mkalimani alikaa hapo na fomu yake ya makadirio, baba yake kando. Alipomaliza kuijaza mzee aliichukua kuikagua, maana karani hastaafu. Akapita nayo mstari kwa mstari, akaishia kwenye jumla, akaguna. Makadirio yalikuwa yamepungua karibu nusu ya yale ya mwaka uliopita.

"Umejikadiria kidogo, mama. Utajikuta matatani."

Alimwambia ndiyo haki yake. Zile kazi zilizokuwa zikipitia ghorofani hazipo tena, na wengine hawamwiti kwa kuwa wanamwogopa. Mzee alimtazama kwa jicho lake jipya. Akamuuliza kama anajuta.

Binti alifunika kalamu, akaipokea fomu na kuikunja, akasogea kidogo kile kibanzi kisimchane sketi.

"Nisomee tena lile tangazo la mnada, baba," akasema.

Mzee alikuwa nalo kwenye mfuko wa shati, limekatwa kwa mkasi na kukunjwa mara mbili. Alikwisha kulijua kwa moyo, lakini alilikunjua kama linavyotakiwa kukunjuliwa, akasafisha koo, akaanza kulisoma kutoka juu kabisa, pamoja na namba yake na tarehe.